Masomo ya Mtandaoni Yasizae Matabaka

Mwanafunzi wa chuo kikuu wa leo husoma kwa njia mbili. Asubuhi huenda ukumbini akamsikiliza mhadhiri. Jioni hufungua simu yake akatafuta mihadhara, mazoezi na matangazo katika mtandao wa chuo. Wako na wengine, hasa watumishi wa umma na walimu waliojiandikisha kusoma wakiwa kazini, ambao ukumbi huuona kwa siku chache tu katika mwaka. Karibu elimu yao yote hupita katika kioo cha simu. Tume ya Vyuo Vikuu imekwisha kutoa mwongozo wa ufundishaji wa namna hiyo. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 za Marekani, nao unagusa zana za kufundishia kwa mtandao pamoja na majengo. Kwa hiyo hapana haja ya kubishana kama masomo ya mtandaoni yaje au yasije. Yamekwisha kuja. Linalobaki ni kuuliza yamekuja kwa faida ya nani.

Kwa Taifa lililojengwa juu ya misingi ya usawa, jibu ni moja tu: yawe kwa faida ya mtoto wa mkulima sawasawa na mtoto wa mwenye nacho. Lakini jibu hilo halitapatikana kwa kununua mitambo peke yake. Yapasa kwanza kuelewa ni kitu gani mwanafunzi hukipata darasani ambacho simu haimpi, kisha kuhakikisha kwamba kitu hicho kinamfikia popote alipo.

UKUMBI NAO UNA KASORO

Haki itendeke kwa pande zote mbili. Wako watu wanaousifu ukumbi wa mihadhara kana kwamba kila aingiaye humo hutoka na elimu. Chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba, 1961, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika ishirini. Mwalimu aliweza kuwajua wote kwa majina. Leo kozi moja ya mwaka wa kwanza yaweza kuwa na mamia ya wanafunzi. Anayechelewa huketi kwenye ngazi au husimama dirishani. Kipaza sauti kikiharibika, waliokaa nyuma huambulia kuona midomo ikicheza. Kijana mwenye haya aweza kumaliza miaka mitatu bila ya kuuliza swali hata moja mbele ya umati huo, tena kwa Kiingereza ambacho hana hakika nacho.

Kwa kijana wa aina hiyo mtandao umekuwa msaada mkubwa. Mhadhara uliorekodiwa hauchoki kurudiwa. Mwanafunzi huusimamisha, akaandika, akatafuta neno gumu katika kamusi, akaendelea. Swali aliloogopa kulitamka ukumbini huliandika usiku kwa utulivu. Mwalimu wa shule ya msingi huko Kibondo au Tandahimba, ambaye hawezi kuwaacha wanafunzi wake kwa miaka mitatu, sasa aweza kusomea shahada pasipo kuhama kituo chake cha kazi. Mama mwenye mtoto mchanga halazimiki tena kuchagua kati ya kulea na kusoma.

Hiyo ndiyo shabaha iliyokusudiwa tangu zamani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka 1993 chini ya Mkuu wa Chuo wa kwanza, Mzee John Malecela, na Makamu wake, Profesa Geoffrey Mmari. Kilikusudiwa kuwafikia watu waliokuwa wamefungiwa mlango na umri, kazi au umbali. Wakati huo vitabu vya masomo vilisafirishwa kwa posta na kwa mabasi. Leo vinasafiri kwa mtandao. Shabaha ni ile ile, na ni shabaha njema.

MASHAKA YA MTANDAO

Pamoja na hayo, ushahidi wa upande wa pili ni mzito. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wanafunzi walirudi makwao nchi nzima, na hawakurejea hadi tarehe 1 Juni. Ndipo ilipodhihirika kwamba watu waliokuwa wakikaa bweni moja na kula chakula kimoja hawakuwa sawa hata kidogo mara walipofika nyumbani. Mmoja alikuwa na umeme, kompyuta na chumba cha peke yake. Mwenzake alipaswa kupanda kilima ili apate mawasiliano, na akishuka alikuta jembe likimngoja. Katika nchi jirani ya Kenya, ambako vyuo kadhaa viliendelea kufundisha kwa mtandao katika kipindi hicho, malalamiko yalikuwa hayo hayo: anayekaa mjini alisoma, anayetoka katika maeneo ya wafugaji alibaki nyuma. Bweni, pamoja na msongamano wake, lilikuwa limeficha tofauti hizo.

Iko pia gharama ya bando. Posho ya chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo ilipandishwa miaka ya karibuni kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini posho hiyo, ambayo wanafunzi huiita "bumu", ilipangwa kwa ajili ya sahani na kitanda. Kila shilingi inayoingia katika bando inatoka katika sahani. Mhadhara mmoja wa video hula bando kuliko ujumbe mia moja wa maandishi, na mwanafunzi asiyekuwa na mzazi wa kumtumia fedha hujikuta akichagua mhadhara gani autazame na upi auache. Mwanafunzi aliyemo ukumbini hana hesabu ya namna hiyo. Mlango ukifunguliwa, humfungukia yeye sawa na mwingine.

Tena tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na mtandao ukazorota katika Afrika Mashariki yote. Mabenki yaliona athari yake, ofisi ziliiona, na wanafunzi nao waliiona. Tukio hilo lilikumbusha kwamba darasa la mtandaoni huning'inia kwenye waya ambao mwalimu na mwanafunzi hawana uwezo wa kuufunga likitokea la kutokea. Chuo chenye busara hakiwezi kuuweka mtihani wake, mafunzo yake na maktaba yake yote katika waya huo bila ya kuwa na akiba pembeni.

ELIMU YA KIMBWETA

Hata hivyo, bando na nyaya zina dawa, maana fedha ikipatikana matatizo hayo hutatulika. Liko tatizo la ndani zaidi, ambalo halitajwi sana katika mikutano ya wataalamu.

Aliyepita Mlimani anavijua vimbweta: meza na viti vya saruji vilivyojengwa chini ya miti. Hapo ndipo wanafunzi huketi baada ya mhadhara, wanne watano, wakaanza kuulizana mhadhiri alikuwa na maana gani. Ukumbini lugha ilikuwa Kiingereza. Penye kimbweta ni Kiswahili. Nadharia iliyotamkwa kwa dakika hamsini katika lugha ya kigeni huvunjwa vipande vipande, ikatolewa mfano wa soko la Kariakoo au wa ushirika wa kahawa kule Mbinga, ikabishaniwa, mmoja akakasirika, mwingine akacheka, na mwishowe ikaeleweka. Wako wengi leo maofisini na mashuleni ambao, wakisema kweli, watakiri kwamba shahada zao walizipata kwenye kimbweta.

Hiki ndicho kitu ambacho simu haimpi mwanafunzi. Humpa mhadhiri, humpa kitabu, humpa hata mtihani, haimpi jirani. Mwanafunzi wa mtandaoni aliye peke yake akikwama kwenye ukurasa wa tatu hana wa kumgusa bega. Huusikiliza mhadhara mara ya pili, mara ya tatu, kisha huzima simu. Baada ya miezi michache jina lake lingali katika orodha ya chuo, lakini mwenyewe amekwisha kukata tamaa. Makundi ya wanafunzi katika simu husaidia kiasi, ila mara nyingi hugeuka kuwa mahali pa kupokezana "madesa" na majibu yaliyokwisha kufanywa na mtu mwingine. Siku hizi, ambapo akili mnemba huweza kuandika insha nzima kwa sekunde chache, mwanafunzi asiyebishana na mwenzake aweza kufika mwisho wa masomo akiwa na alama nzuri na kichwa kitupu.

Ni dhahiri basi kwamba ukumbi ulikuwa na kasoro nyingi, lakini uliwakusanya watu mahali pamoja; na kukusanyika kwao kulizaa elimu ambayo haikuandikwa katika ratiba yoyote. Anayehamishia mhadhara mtandaoni bila ya kukihamisha na kimbweta amebeba ganda akaacha kiini.

SOMO LA REDIO

Nchi hii haina sababu ya kwenda kutafuta dawa ng'ambo. Imewahi kufundisha watu kwa mbali, tena kwa umma mkubwa kuliko wanafunzi wote wa vyuo vikuu waliopo leo.

Baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, redio ilitumika kufundishia. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowashirikisha watu wapatao milioni mbili kwa muda wa majuma kumi na mawili. Chombo kilikuwa redio, yaani sauti itokayo mbali isiyoweza kumsikia anayeuliza. Kama ingeachwa peke yake, watu wangeisikiliza kama wasikilizavyo taarung'ombe ya jioni na kwenda zao kulala. Lakini haikuachwa peke yake. Walifundishwa kwanza viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Kijitabu kiliandikwa kwa Kiswahili chepesi. Wanakijiji walikusanyika wakasikiliza, kiongozi akawasomea kijitabu, wakajadiliana kuhusu hali ya kijiji chao, wakapatana la kufanya, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo na kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Elimu ilikamilika pale ilipogeuka kuwa kazi ya mikono.

Vivyo hivyo baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, Serikali ilipohitaji walimu wengi kwa haraka ili kila mtoto apate nafasi ya shule, vyuo vya ualimu havikuweza kuwapokea wote. Makumi ya maelfu ya vijana walifundishwa ualimu huko huko vijijini kwa masomo ya posta na redio, huku wakifundisha madarasani na kutembelewa na wakufunzi, na mwishoni wakaitwa chuoni kwa majuma machache. Mpango huo ulikuwa na upungufu wake, na walimu hao wako waliowabeza. Lakini wasomaji wengi wa rika la kati walishikishwa kalamu kwa mara ya kwanza na mikono ya walimu hao.

Hata gerezani kanuni imekuwa hiyo hiyo. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kwa njia ya posta mwaka 1989, angali kifungoni. Posta ilileta vitabu. Lakini wafungwa wa kisiasa wa Kisiwa cha Robben walikuwa kwa miaka mingi wamefundishana wao kwa wao, hata katika machimbo ya chokaa.

Fundisho la historia hii ni bayana. Chombo hubadilika: jana posta, kisha redio, leo simu. Kisichobadilika ni kikundi, kiongozi wa kikundi, na maandishi yanayoeleweka. Palipokuwa na vitatu hivyo, umbali haukumshinda mwanafunzi.

HATARI YA MATABAKA

Ni lazima jambo hili litazamwe kwa macho ya kisiasa, kwa kuwa liko shauri linalonong'onwa na baadhi ya watendaji. Wanasema kwamba mtandao ni rahisi. Hautaki bweni, hautaki ukumbi, wala hautaki wahadhiri wengi. Kwa hiyo, wanadai, vijana wanaokosa nafasi vyuoni wapewe mtandao na hesabu itakuwa imekamilika.

Shauri hilo likifuatwa bila ya tahadhari, matokeo yake yanajulikana mapema. Mwenye uwezo atampeleka mwanawe mahali penye mwalimu, maktaba, maabara na marafiki. Mtoto wa mkulima ataambiwa asome kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kwa bando la kuombaomba, akiwa peke yake. Wote wawili watapewa shahada zenye jina moja, lakini waajiri watajifunza upesi kuzitofautisha. Hapo litakuwa limezaliwa tabaka la wasomi wa ukumbini na tabaka la wasomi wa simu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Taifa lilikataa elimu ya kuwatenga wachache na umma. Haitakuwa heshima kuirudisha elimu hiyo kwa mlango wa nyuma kwa kisingizio cha teknolojia.

Tena yako masomo ambayo simu haiwezi kuyabeba hata ikiwa na bando la mwaka mzima. Daktari hajifunzi kumpima mgonjwa kwa kutazama picha. Bwana shamba hajifunzi udongo pasipo kuushika. Mwalimu hawi mwalimu mpaka asimame mbele ya watoto hamsini wanaopiga kelele.

YANAYOPASA KUFANYWA

Kwanza, mitandao ya masomo ya vyuo vyote ifunguke bila ya kumtoza mwanafunzi bando. Serikali na makampuni ya simu yanaweza kukaa pamoja wakalipatia jambo hili njia. Uko Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao ulikusudiwa kupeleka mawasiliano kule ambako biashara haioni faida. Kichwa cha kijana wa kijijini ni mahali pa namna hiyo.

Pili, kila wilaya iwe na mahali panapojulikana pa kusomea, penye umeme, mtandao, meza na viti. Hapana haja ya kungoja majengo mapya. Viko Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa katika miaka ya 1970; viko vituo vya walimu, maktaba za mikoa, na shule za sekondari zenye vyumba vya kompyuta vinavyofungwa kwa kufuli kila saa kumi jioni. Majengo hayo ni mali ya umma. Yafunguliwe jioni na mwisho wa juma.

Tatu, mwanafunzi wa mtandaoni asiandikishwe akiwa mtu mmoja mmoja. Aandikishwe katika kikundi cha watu wa wilaya yake, chenye kiongozi na mkufunzi anayetambuliwa na chuo, na kikundi kikutane walau mara moja kwa juma. Sehemu ya alama itokane na majadiliano ya ana kwa ana na maswali ya mdomo, maana mashine yaweza kumwandikia mtu insha, lakini haiwezi kumsimamia anapoulizwa ameandika nini.

Nne, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotoka shuleni wapewe nafasi ya kuonana na walimu na wenzao kabla ya kuachiwa mtandao. Mtu mzima mwenye kazi anajua kwa nini anasoma. Kijana wa miaka kumi na tisa bado anajifunza jinsi ya kusoma.

Tano, wahadhiri wafundishwe kazi hii mpya na wapunguziwe mzigo wanapoifanya. Kurekodi mhadhara wa saa mbili na kuutupa mtandaoni si kufundisha. Somo la mtandaoni lafaa kugawanywa vipande vifupi, liambatane na maswali, na liwe na muhtasari wa Kiswahili ili kikundi kiwe na mahali pa kuanzia.

Mambo haya hayataki fedha nyingi kama yanavyotaka watu. Na watu wenyewe wapo. Kila wilaya ina maofisa na walimu wenye shahada ambao jioni zao hupita bila kazi maalumu. Mwalimu wa hesabu wa sekondari aweza kukiongoza kikundi cha wanafunzi wa takwimu. Mwanasheria wa halmashauri aweza kuwapa saa mbili wanaosomea sheria. Mkuu wa idara aweza kumruhusu mtumishi wake anayesoma aondoke mapema siku ya kikundi pasipo kumwona kuwa mtoro. Wengi wao walisomeshwa kwa kodi ya mkulima. Deni hilo halilipwi kwa marejesho ya Bodi ya Mikopo pekee.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Viongozi wa vikundi wa mwaka 1973 wengi wao hawakuwa na shahada wala kompyuta. Walikuwa na redio moja ya kijiji na kijitabu, na waliifanya kazi yao. Mtumishi wa umma na mwalimu wa leo, wenye elimu kubwa zaidi na simu mfukoni, hawana udhuru wa kumwacha kijana wa wilaya yao akisoma peke yake gizani. Wavijenge vimbweta katika kila wilaya, na wavijenge sasa.